Kigeuzi Kipi Kitanirudishia Ile Chupa?

Mama Aziza mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote wanaokusaidia kutoa gazeti letu, kisha naomba unisamehe kwa urefu wa barua hii, maana nimejaribu kuifupisha mara mbili, na kila nikianza mke wangu anapita nyuma yangu nami nasukuma karatasi chini ya kitambaa cha meza kama mutoto wa shule anayeficha deni la kazi ya nyumbani, na najua wengine watasema hii si shida ya kumwandikia mshauri, ni shida ya kisanduku cha redio tu, lakini wewe unisaidie kuchagua, kwa sababu mimi nimeshindwa, na Jumapili ikifika bila jibu sijui nitakaa vipi na mama wa watoto wangu.

Jina langu Mukendi, Florentin kwa ubatizo, ijapokuwa tangu mwaka tulioambiwa na serikali tuache majina ya ubatizo jina hilo tunalitumia ndani ya nyumba tu. Nilitoka Kasai kijana, na huu ni mwaka wa thelathini na moja nafanya kazi ya reli hapa Kindu. Kazi yangu ni kugonga magurudumu. Treni ikisimama napita kando yake na nyundo ya mpini mrefu, nagonga kila gurudumu na kusikiliza: gurudumu zima linalia kama kengele ya misa, gurudumu lenye ufa linajibu kama chungu kilichopasuka, na hakuna mashine ya kunisaidia hapo, njo sikio tu, na naweza kusema bila majivuno kwamba sikio langu lilijulikana mpaka Kabalo, hata yule shefu Mbelgiji wa zamani hakuwa akiniita Mukendi, alikuwa akiniita Sikio.

Shefu huyo alipofunga mizigo mwaka wa sitini aliniachia ampli yake, yaani mashine ya kukuza sauti, ile ya taa za kioo zinazowaka nyekundu ndani kama makaa, pamoja na fono ya kuchezea disiki za santuri, na mimi nikatengeneza bafle mbili, yaani masanduku ya kutolea sauti, kwa mbao za behewa la daraja la kwanza lililokufa pale depo, mbao ngumu, nzuri, mpaka leo ukizipitishia kiganja unasikia zile alama za namba za viti. Mama Aziza, wewe ni mwenyeji, labda uliwahi kusikia habari ya Jumapili za kwetu. Watu walikuwa wakitoka misa wanapita kwao kuchukua kiti, kila mtu na kiti chake kichwani, wanakuja uani kwangu, Wakasai, watu wa Katanga, wenyeji wa hapa waliotoka kuswali tangu Ijumaa lakini muziki wa Jumapili hawakuukataa, na Bitota wangu anatandika juu ya ampli kitambaa alichofuma kwa mkono, kisha anakitoa, kwa sababu ampli inapata moto, lakini lazima akitandike kwanza watu wakione. Siku zile mishahara ilikuwa ikifika, disiki zilikuwa zikifika, na Lualaba yenyewe nadhani ilikuwa ikipita polepole zaidi.

Sasa nikueleze habari ya chupa. Iko rumba moja, sitaitaja, wewe utacheka, ambayo mwanzoni kabisa, kabla magita hayajaingia, muntu anagonga chupa kwa kijiko, ting, ti-ting, kidogo sana, juu sana, na chupa hiyo haiachi mpaka mwisho ingawa watu wengi hawaijui, wanasikia ngoma tu. Mwaka wa sitini na moja, kwenye serkle, ile klabu ya wafanyakazi wa reli, nilicheza na musichana mmoja mrefu ambaye alinikanyaga mara tatu, nikamwambia, "Dada, acha ngoma, fuata chupa," akasimama katikati ya watu akainamisha kichwa, akasikiliza, akaisikia, na toka hapo hakunikanyaga tena. Njo huyo Bitota. Tumezaa sita, tumezika wawili, na miaka yote hiyo rumba ile ikiimba mmoja wetu anauliza, "Chupa iko wapi?" na mwingine anaigonga kwa kidole begani kwa mwenzake, ting, ti-ting, hata tukiwa tumegombana, hata siku ile tuliyorudi kutoka kumzika Kabedi wetu, yeye aliuliza na mimi niligonga.

Disiki ile imechakaa, inakwaruza. Mwaka jana mwanetu Kalonji, anayesoma Liège kule Ubelgiji, alitupelekea kwa mkono wa padri mmoja mashine ya disiki kompakti, vile vidogo vinavyong'aa, na disiki kumi na moja, na moja kati yake ina rumba ile ile. Mashine aliipata kwa rafiki kwa sababu sehemu yake ya kutoa sauti imekufa, lakini akaandika tusiwe na hofu, muziki ndani ya disiki hizo ni hesabu tupu, mashine bado inazisoma hesabu vizuri na iko tundu nyuma ya kuzitolea, kinachotakiwa ni kigeuzi, kisanduku kinachopokea hesabu na kuzigeuza kuwa sauti, kisha sauti inaingia katika ampli yetu ya zamani. Nikamtuma Mbaraka, yule mfanyabiashara wa mtaa wetu wa Kasuku anayefika hata Bujumbura, na mwezi uliopita akarudi na vitu vitatu nichague. Cha kwanza si kigeuzi, ni muziki mzima mpya wa plastiki, kila kitu ndani, taa za rangi zinaruka ruka, anataka tubadilishane na ampli yangu. Cha pili ni kigeuzi kikubwa, kizito, cha chuma, ukikibeba unakiheshimu, lakini kwa hicho anataka bafle zangu zote mbili, kwa sababu mukubwa mmoja wa mjini ameona zile mbao. Cha tatu ni kigeuzi kidogo kama kipande cha sabuni, hicho atakitoa kwa magunia mawili ya mchele wa Kibombo, ambayo shemeji yangu anayo.

Tulipakia ampli na ile mashine ya Kalonji kwenye baiskeli, tukaenda dukani kwake kujaribu, mimi na Bitota. Mbaraka akaweka rumba yetu katika kila kimoja. Bitota akasikiliza, akasema ule wa taa za rangi uko na muchanga ndani, kile kikubwa ni safi, na kidogo nacho ni safi. Mimi, Mama Aziza, nilisikia vitu vitatu vya sauti moja. Na katika vyote vitatu hapakuwa na chupa. Nikasimama nikasema mbele ya wateja, "Mbaraka, mashine zako zimekula chupa." Bitota akacheka, akasema, "Si iko pale, baba, iko wazi kabisa," na akaigonga begani kwangu, nami nikadhani anasema hivyo kwa kupenda zawadi ya mwanawe. Nikamwita Mbaraka maneno ambayo sitayaandika hapa. Nikaamua moyoni kwamba kama iko mashine itakayonirudishia chupa, basi ni ile nzito, na kama ni kutoa bafle zangu, nitazitoa.

Jumamosi iliyofuata Bitota alikwenda salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, kufyeka barabara na wamama wengine, mimi nikabaki. Nikatoa fono ya zamani, nikaweka disiki ya zamani, nikatega sikio kwenye mbao kabisa. Nilisikia ngoma. Nilisikia besi. Chupa sikuisikia. Nadhani sindano ya fono imekufa nayo.

Na nisisahau, hii si shida kubwa, siku hizi hata magurudumu yananijibu yote kwa sauti moja, nimeomba depo wanipe nyundo mpya kwani kichwa cha hii kimechakaa, na mwezi uliopita Anaclet, mgongaji mwenzangu wa Kibombo, alikataa gurudumu ambalo mimi nililipitisha hapa, lakini yule Anaclet ni muntu wa kupenda kujionyesha.

Basi uniambie, Mama: ni kigeuzi kipi? Mbaraka anaondoka wiki ijayo, na Bitota ameshafua kile kitambaa. Jina langu ulifiche.

Ni mimi, Mukendi, wa Kasuku.

*

Baba Mukendi,

Pole kwanza. Barua yako niliisoma Jumanne nikacheka. Jumatano nikaisoma tena, na safari hii kicheko hakikuja.

Umeuliza juu ya kigeuzi, nitakujibu juu ya kigeuzi, maana sipendi mtu aniulize njia ya mtoni nimwonyeshe ya makaburini. Jana nilikwenda kwa Sumaili, fundi redio aliye nyuma ya soko, kisha kwa Mbaraka, ambaye bado ana hasira na wewe na ana haki. Ule muziki wa plastiki uuache pale ulipo. Mkeo amesema una mchanga, na Sumaili ameufungua, ndani hewa ni nyingi kuliko waya. Kile kikubwa ni kizuri, ndiyo, lakini kinataka umeme uliotulia, na wewe mwenyewe unajua umeme wetu, leo unachemsha balbu na kesho hauna nguvu ya kumulika inzi. Kile kidogo kinakula umeme kidogo sana, hata betri ya gari inakilisha, tundu lake, Mbaraka amesema, lilikubali waya wa mashine ya Kalonji siku ile mliyojaribu, na Sumaili amekiunganisha na ampli ya taa kama yako kikaimba saa nzima bila kupata moto. Shemeji yako atoe mchele. Lakini kabla ya kubadilishana umpeleke Bitota tena, akae akiipa mgongo meza, Mbaraka abadilishe visanduku bila kusema kipi ni kipi, na kile ambacho sikio lake litakipenda njo hicho. Mimi nakuambia hatatofautisha kikubwa na kidogo. Uzito hauna sauti, baba. Ungetoa mbao za behewa, na namba za viti, na Jumapili zako zote, kwa sababu chuma kilikuelemea mkononi.

Hapo kigeuzi kimekwisha. Sasa tuseme ulichokiandika.

Umenijazia kurasa tano za visanduku, halafu karibu na sahihi, pale mtu anapoweka salamu kwa shangazi, umeweka magurudumu. Ukasema si shida kubwa. Mimi nimesoma barua za watu miaka kumi na moja, na nakuambia mtu akiandika "nisisahau," hicho ndicho alichokikumbuka tangu asubuhi. Mashine tatu zimekula chupa. Fono ya zamani imekula chupa. Nyundo imechakaa. Anaclet anajionyesha. Yaani dunia nzima imeharibika kwa mwezi mmoja, isipokuwa sikio la Mukendi peke yake? Wewe unajua. Ulijua ile Jumamosi ulipotega sikio kwenye mbao. Chupa haikwenda popote, Baba Mukendi. Iko kwenye disiki ya zamani, iko kwenye mpya, mkeo anaisikia. Ni wewe ambaye huisikii tena, na treni ya watu inapita chini ya nyundo yako.

Nakusema kwa ukali na moyo unaniuma, kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa posta miaka ishirini na chombo cha simu kimebanwa sikio la kushoto, na sikio hilo nililiacha huko. Miezi minane nilimwambia kila mtu kwamba waya wa Kalima una kasoro. Nilikuwa naandika ripoti juu ya waya. Nililia siku niliyobadilisha sikio na waya ukapona. Wewe umepigiwa kelele na mashine za reli tangu ujana, tena ulikuwa umesimama karibu kuliko wote, kwa sababu kazi yako ilikuwa kusikiliza. Hiyo si aibu. Sikio limetumika mpaka likaisha, kama mshumaa wa kanisani. Nimekusikitikia sana kwa hilo jina, Sikio, kwa sababu najua ni jina utakaloliaga.

Lakini wazee wamesema mficha maradhi kilio kitamuumbua, na hapa kilio hakitakuwa cha nyumba yako peke yake. Gurudumu lile alilolikataa Anaclet lilitoka Kindu hadi Kibombo likiwa limebeba watu. Limefika kwa rehema za Mungu na si kwa nyundo yako. Jumatatu inayokuja mimi nina tikiti ya Kibombo, nakwenda kwa arusi ya mtoto wa dada yangu, na niko na wajukuu wawili. Hata kama ningekaa nyumbani, yuko mwingine mwenye wajukuu.

Kwa hiyo utafanya hivi. Leo hii, kabla ya shefu, umwambie Bitota. Usimwambie habari ya kisanduku, mwambie habari ya sikio. Nina hakika kubwa kwamba ameshajua, mwanamke aliyekugonga begani dukani kwa Mbaraka hakugonga kwa kucheza, alikuwa anakupa kwa kidole kitu alichoona huna. Kesho Ijumaa asubuhi uvae vizuri, uende depo, useme kwa mdomo wako: sisikii tena, asigonge mtu mwingine nyuma yangu kwa kunifichia, mniweke pengine. Utaje na gurudumu la Anaclet. Sijui watakupa kazi gani, sitakudanganya. Labda bohari, labda watakutuma kuwafundisha wengine mkono wa nyundo, maana mkono bado unao, labda watakupa kiti tu na mshahara usiofika kama wa wote. Itauma. Halafu upite kwa Mbaraka umwombe radhi, mbele ya wateja, kwa kuwa ulimtukana mbele ya wateja.

Jumapili ukaribishe watu. Wachache watakuja, najua, viti vingi vya zamani vimehama au vimezikwa. Bitota atandike kitambaa, akitoe, na rumba yenu iwekwe. Usijidai kusikia. Wewe uliza tu, kama zamani, chupa iko wapi. Aliyefundishwa na wewe kuifuata atakugongea mpaka wimbo uishe.

Jambo la mwisho. Umeniomba nifiche jina lako. Katika Kindu hii, wanaume wanaogonga magurudumu wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mwenye bafle za mbao za behewa ni mmoja. Kwa hiyo nimeamua hivi: barua yako na jibu langu sijavipeleka kuchapwa. Nakala hii ninakuletea mwenyewe leo Alhamisi, mkononi mwako. Ukienda depo, uje uniambie, nitavipeleka vichapwe, na wewe ndiye utakayeamua jina libaki au liondolewe. Usipokwenda, Jumamosi nitakwenda depo mimi, na karatasi hizi nitazichoma, kwa sababu gazeti hili halikuanzishwa kuwaaibisha watu.

Basi Baba Mukendi, wasomaji wakiikuta barua hii gazetini, na jina lako liko juu yake, watakuwa wameshajua kwamba ulikwenda.

Mama Aziza